Ziwa la Kumpelekea Baba

Popote nilipo, nikifumba macho, kitu cha kwanza kunijia ni moshi juu ya maji. Hauna moto. Unasimama katikati ya Ziwa Nyasa, mrefu, mweusi kidogo, kisha unainama, unatembea, unagawanyika na kufuatana polepole kuelekea milima ya ng'ambo, na mtoto akiutazama anasahau alichotumwa. Nilirudi nyumbani na ndoo tupu mara nyingi sana kwa sababu ya moshi ule. Mama alikuwa akiniuliza maji yako wapi, nami nilimjibu kwa moyo mweupe kabisa kwamba nilikuwa natazama. Nadhani kazi yangu ilianzia kwenye zile ndoo, na nadhani mama alilijua hilo kabla yangu, ndiyo maana hakunichapa kila mara.

Moshi wenyewe ni wadudu. Tunawaita nkungu. Ni wadogo kuliko mbu, hawaumi mtu, wanatoka majini kwa wingi usioelezeka siku za joto, na upepo ukiwasukuma ufukweni kijiji kizima kinatoka mbio na vikapu, nyungo na masufuria yaliyolowanishwa. Tunavizungusha hewani, wadudu wanaganda, tunawakanda na kuwafinyanga mikate myeusi ya kukausha juani. Ni mboga, tena mboga ya heshima, hasa na ugali wa muhogo. Watu wa milimani, huko Mbinga, wanatucheka kwa kula inzi. Wacheke tu. Sijawahi kuona haja ya kumbembeleza mtu aonje kitu kizuri.

Mimi ni mchoraji na mchongaji. Waliosoma wanaiita kazi yangu sanaa ya hisia, na maana yake, jinsi ninavyoielewa, ni kwamba sichori kitu kilivyo bali kinavyoniuma. Kwa hiyo watu wangu wana midomo mirefu, mikono mikubwa kupita miili, macho yaliyoteremka mashavuni. Kijijini wanaita mashetani. Nachonga mbao za mitumbwi iliyokufa, ile iliyooza tumbo na kuachwa kwenye mchanga, kwa sababu mti uliokaa majini miaka mingi una mistari ambayo siwezi kuibuni. Kiwanja changu kimejaa mitumbwi hiyo, na baba yangu alikuwa akikiita makaburini.

Baba alikuwa mvuvi, na kwa kazi yangu hakuwa na maneno mengi. Jioni alikuja makaburini, akakaa juu ya mtumbwi mmoja uliopinduliwa, akashona nyavu zake huku mimi nikigonga patasi. Tulikaa hivyo miaka. Mara moja tu alinyanyua macho, akaangalia kichwa cha mwanamke nilichokuwa nakimalizia, akauliza, "Huyu pua umemnyima kwa kosa gani?" Kisha akarudi kwenye nyavu. Nililitunza swali lile moyoni muda mrefu, naona aibu kidogo kusema, kwa sababu lilikuwa ndilo neno pekee la baba yangu kuhusu kitu nilichokipenda kuliko vyote. Nilitaka jingine. Mtu mzima na mvi zangu, picha zangu zimepanda ndege, na bado nilitaka baba aseme neno.

Ndipo alipoteleza kwenye mawe akivuta mtumbwi, nyonga ikavunjika. Mama alishatangulia miaka mingi nyuma, na mimi naishi peke yangu, kwa hiyo dada yangu, aliyeolewa na Mmatengo wa milimani, wa Mapera, na kujenga nje kidogo ya mji wa Mbinga, alimchukua ili awe karibu na hospitali. Hospitali walifanya walichoweza, kisha wakasema wazee wa umri wake wakivunjika hapo hawasimami tena. Wakamrudisha kwa dada, kwenye chumba chenye dirisha linalotazama mibuni.

Kule mawingu yanaingia ndani bila kupiga hodi. Asubuhi unafungua mlango unakuta shamba la kahawa halipo, mlima haupo, kuna weupe tu na sauti ya mtu anayekohoa mahali fulani ndani yake. Mibuni ikitoa maua harufu inapita hadi mtoni, na mimi, ambaye sikuzaliwa huko, nikilala kwa dada huwa naota naelea. Baba hakuota chochote. Alisema huku ni pazuri sana na watu ni wema sana, kisha akageukia ukutani.

Mara ya kwanza kumtembelea nilimwambia tutakodi gari, tutalaza godoro nyuma, tutamshusha taratibu aone ziwa. Barabara ni nzuri siku hizi. Aliniangalia kana kwamba nimemtukana.

"Sishuki nikiwa nimebebwa, mama," alisema. Aliniita mama tangu nizaliwe, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. "Lile ziwa limeniona nikibeba. Lisinione hivi."

"Basi Baba, utakaa huku bila kuliona?"

"Si wewe unachora?" alisema. "Niletee."

Dada aliyekuwa akikunja shuka alicheka. Mimi sikucheka. Nilitoka nje nikasimama kwenye mibuni, nina furaha na nina hofu. Baba hangerudi ziwani akiwa hai, hilo lilikuwa wazi kwetu sote. Kama angeliona tena, angeliona kwa mkono wangu, na kama mkono wangu usingetosha, angekufa akitazama ukuta.

Kwa kazi hiyo sikutumia rangi za dukani, maana tangu zamani harufu yake ilikuwa ikimpalia na kumkohoza. Nilirudi kwenye rangi za zamani, za enzi sina kitu. Natandika gunia la kahawa, ambalo shemeji yangu ananiwekea likichakaa, nalipaka uji mzito wa muhogo mpaka nyuzi zizibe, na rangi zenyewe nazikoroga kwenye uji huohuo: masizi ya chungu, majivu, udongo mwekundu wa kwenye mteremko, udongo mweupe, na nikitaka bluu nasaga ile ya kufulia nguo. Zinanukia jikoni. Zinachelewa kukauka, zinanata kama asali, na zikikauka hazibanduki kwa urahisi.

Ziwa la kwanza nilimpelekea kama ninavyolijua mimi. Lilikuwa jekundu na jeusi, mawimbi yana meno, na chini, kwenye kina, nilizichora nyuso za waliozama. Niliipenda sana picha ile. Baba aliitazama muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole, "Hapa pameungua. Nani alichoma?"

Nilirudi nyumbani na hasira. Nikasema kumbe mzee anataka ziwa zuri, haya, tutampa zuri. Nikachora bluu tupu, mchanga, mitumbwi imepangwa, ndege weupe, jua la mviringo. Nilijidharau kila nilipochovya brashi. Baba alipoiona alitabasamu kwa heshima, tabasamu lile analompa mgeni aliyeleta zawadi isiyo na kazi, akamwambia dada aiweke sebuleni karibu na kalenda, zitazungumza.

Mara ya tatu sikuchora. Nilichonga wimbi kwa kipande cha omo, ile ncha ya mbele ya mtumbwi wake mwenyewe, ule wa zamani, nikalilainisha hadi likawa laini kama shavu la mtoto. Hilo nililiamini. Alilipokea kwa mikono miwili, akalipapasa, akalitambua mara moja kwa alama ya fundo la mti. Kisha akalileta puani. Alikaa hivyo, amefumba macho, na mimi nikasubiri. Akanirudishia, akageukia ukutani. Baadaye dada aliniambia nilitoka chumbani mle nikaacha mlango wazi na sahani yangu ya chakula juu ya kitanda. Mimi sikumbuki. Nakumbuka mawingu tu, na kwamba nilikuwa nikilia ndani yake, na watu waliokwenda sokoni wakinipita bila kuniona.

Sikwenda tena kwa muda. Nilisema nafanya kazi. Ukweli ni kwamba nilikaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa, mahali pake, nikalitazama ziwa kuanzia asubuhi likiwa jeupe kama maziwa hadi mchana likimeta kama kisu, na nikaona kwamba sijui kulichora. Nilikuwa nimejichora mimi tu, hasira yangu na huzuni yangu, na kulibandika jina la ziwa. Kwa wateja ilitosha. Siku zile nilikuwa nikilala mchana na kuota baba amesimama ndani ya maji hadi kiunoni, amenipa mgongo, na kila nikimwita anasogea hatua moja mbele.

Dada akapiga simu. "Baba hali tena," alisema. "Namsogezea kijiko anafunga mdomo kama mtoto. Nimesonga ugali, nimepika uji, nimekaanga samaki wa kutoka huko kwenu. Hataki. Njoo."

"Nitakuja kesho," nilisema. "Namalizia."

Nilikuwa simalizii chochote, gunia lilikuwa tupu. Nililivuta uani, nikalilaza chini, nikapiga magoti. Bluu ilikuwa imeisha na sikuwa na nguvu ya kwenda dukani. Nikafanya kwa masizi, majivu na udongo, bila kufikiri, kwa viganja zaidi ya brashi. Lilitoka ziwa la kijivu, pana, tulivu, karibu halina kitu: maji chini, mbingu juu, na kati yao mstari uliotetemeka kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nikitetemeka. Sikuweka nyuso wala meno. Nilisimama nikalitazama, na kwa mara ya kwanza sikuona aibu wala fahari. Nikaliacha likauke.

Hapo ndipo niliposikia vigelegele. Jirani yangu, mama mmoja mjane ninayemwita shangazi ingawa hatuna undugu, alikuwa anapita mbio na ungo kichwani. "Wametoka!" alisema. "Kutoka kusini, Chiwanda, wamejaa mpaka huku!"

Nikageuka, na moshi ulikuwa umeshafika juu ya vichwa vyetu.

Mtu wa Mbinga angefanya nini? Angefunga madirisha. Mtu wa Songea angekimbilia ndani. Mimi ni mtoto wa ziwani, na mtoto wa ziwani akisikia nkungu wametoka akili yake yote huhamia mikononi. Nilinyakua kikapu, nikakilowanisha, nikakimbilia ufukweni na wenzangu. Picha niliisahau kabisa, kama zile ndoo za utotoni. Jua lilikuwa nyuma ya wadudu, likawa la rangi ya chai. Wanawake walikuwa wakizunguka na vikapu vyao ndani ya kiza kile laini, hujui yupi ni nani, unasikia vicheko tu na mabawa madogo yanayogusa kope. Walitujaa nywele na midomo. Nilizunguka mpaka kizunguzungu, nikacheka peke yangu. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha namna ile tangu mama afariki.

Nikarudi nyumbani na kikapu kizito, nikakuta ziwa langu limeota manyoya.

Nkungu walikuwa wametua kwenye uji mbichi wa muhogo, na uji wa muhogo hausamehe. Walikuwa wameganda wote, juu ya wenzao, kuanzia pembe hadi pembe, tabaka jeusi lenye mabawa yanayong'aa, wengine bado wakitikisika. Mstari nilioutetemekea haukuonekana tena. Niliingiza kidole kujaribu kuwaondoa, rangi ikaja nao. Shangazi alichungulia juu ya ua, akaona, akashika mdomo asicheke, akashindwa.

"Leo umepata mboga mpaka kwenye gunia," alisema.

Nilimpa kikapu changu chote. Sikutaka kuwaona wala kuwanusa. Niliingia ndani nikalala chali nikitazama bati, nikijitukana. Mtu mwingine yeyote mwenye picha mbichi uani angekumbuka kuifunika. Baba yangu alikuwa anakufa Mbinga bila kula, na mimi nilikuwa nacheza na inzi ufukweni.

Asubuhi gunia lilikuwa limekauka. Nililifunga kwenye kanga nikaondoka nalo, kwa sababu kwenda mikono mitupu niliona ni vibaya zaidi. Njiani, gari likipanda milima na ziwa likipungua nyuma yetu hadi likawa kipande cha kioo kati ya miti, nilipanga maneno ya kumwomba baba radhi. Niliyapanga vizuri sana.

Alikuwa amelala nilipoingia. Amekwisha, mifupa ya mashavu imechomoza, na alifanana na moja ya sanamu zangu kiasi kwamba nilitaka kuziomba radhi zote. Nilimnong'onezea shikamoo ambayo hakuisikia. Nikalifungua gunia, nikaliegemeza ukutani ubavuni mwa kitanda, upande wa mkono wake wa kulia, maana hapakuwa na nafasi nyingine. Chumba kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya baridi. Dada aliingia na uji, akasimama mlangoni, akakunja pua.

"Nini kinanuka ziwa humu?" aliuliza.

Baba alifungua macho. Hakuniangalia mimi wala picha. Alitazama dari, pua zikimpanuka na kusinyaa, huku nje mawingu yakipita kwenye mibuni.

"Wametoka upande gani?" aliuliza.

Sauti ilikuwa ileile ya zamani, ya kuuliza kazi. Nikasahau maneno yangu yote niliyoyapanga.

"Wa Chiwanda, Baba."

"Upepo wa mwera huo, unaanza. Waambie wavute mitumbwi juu."

"Wamevuta, Baba."

Akageuza kichwa polepole, akaliona. Alilitazama gunia lile jeusi lenye mabawa kwa muda nisioweza kuupima. Kisha akanyoosha mkono, akakwangua kwa ukucha sehemu ya chini, palipokuwa ufukwe, akatoa kipande kidogo cha nkungu na uji mkavu wa muhogo na majivu, akakitia mdomoni.

"Baba, hiyo ni picha," dada alisema.

"Najua."

Akatafuna. Alitafuna taratibu sana, kwa meno machache aliyobaki nayo, macho kayafumba. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa kitanda. Neno lilikuwa linakuja, nililiona likija usoni mwake, neno nililolingoja tangu enzi za mwanamke asiye na pua.

"Chumvi imepungua," alisema.

Nilicheka mpaka nikakaa chini sakafuni. Dada naye akacheka, kisha akaanza kulia, akatoka kwenda jikoni kusonga ugali, na baba akaumega. Si mwingi, matonge madogo madogo, na kila tonge alilipitisha kwanza kwenye gunia. Nilimletea chumvi kwenye kisosi. Shemeji yangu, Mmatengo wa watu ambaye maisha yake yote amewacheka wala inzi, alisimama mlangoni kofia mkononi, akatazama bila kutania, akaondoka kimyakimya.

Nilikaa naye hadi mwisho. Alikula kidogo kila siku. Alimaliza ufukwe, akaingia majini, akapanda kuelekea upeo, na kila alipokwangua, chini ya wadudu palitokea kijivu changu kwa nyuma, kimepauka, kimechanwachanwa na kucha. Tulizungumza kuhusu upepo na samaki wetu, mbasa na usipa, kama watu waliokaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Kuhusu sanaa hatukuzungumza. Siku moja alirudisha mkono kifuani, akauliza kama ziwa limebaki.

"Limebaki, Baba. Huko juu kote."

"Liache," alisema. "Nalo lipumue."

Hakula tena baada ya hapo, na hakugeukia ukutani pia. Alikufa mchana, mawingu yakiwa yamefunguka na mibuni ikiwa imetoa maua.

Tulimshusha ziwani akiwa amebebwa, jambo aliloapa halitatokea, na tukamzika karibu na kanisa letu la Kianglikana mahali ambapo sauti ya maji inafika. Nililia kwa ajili ya hilo kuliko kwa ajili ya kifo chenyewe.

Gunia liko kwangu. Wamekuja watu kutaka kulinunua, na mmoja wao, mtaalamu, alinisifu kwa lile pengo kubwa lililopinda kuanzia pembe ya chini, akasema limechorwa kwa ujasiri. Nikamwambia silo langu. Pengo hilo ni mahali mkono wa baba ulipofika akiwa amelala, basi, juu yake wadudu wapo wote na mabawa yao. Wakati mwingine naliegemeza ukutani kando ya kitanda changu, nalala chali, nanyoosha mkono wa kulia kadiri ninavyoweza. Siufikii ule ukingo wa pengo lake. Unabaki upana wa kidole.